Bajeti ya barabara ya changarawe huanzia mtaroni

Mwaka wangu wa kwanza wa kusimamia barabara za vijijini nilikabidhiwa mtandao wa kilomita 140, zote za changarawe na udongo, pamoja na fedha ambazo hata asiyejua hesabu angeona hazitoshi. Nikafanya nililoona ni haki: nikagawa. Kila barabara ilipata fungu kulingana na urefu wake, na greda likapita kote, kuanzia kilomita ya kwanza hadi ya mwisho. Lilipomaliza, barabara zilipendeza, na madereva wakawa wananipungia mkono.

Wiki ya tatu ya mvua, gari lililombeba mama mjamzito lilikwama bondeni, kwenye tope la meta 300 hivi, katika barabara ya kilomita 18 ambayo greda lilikuwa limeichonga yote. Vijana walimbeba kwa machela hadi ng'ambo, akapata gari jingine. Alijifungua salama. Kesho yake nilisimama kwenye tope lile lile, viatu vimejaa maji, na nikaona wazi nilichokuwa nimefanya. Fedha nilikuwa nimezitumia kwenye kilomita 17 na ushee ambazo zingeweza kusubiri. Zile meta 300 zilizokuwa na shida ya kweli nilizisawazisha juu tu, kama zile nyingine.

Tangu hapo nimeandaa bajeti nyingi za namna hiyo, na nimesoma nyingi zaidi za wenzangu. Imenichukua miaka kuukubali mpangilio ninaoufuata leo: kwanza maji, pili sehemu korofi, tatu unene wa changarawe, na greda mwisho. Bajeti nyingi huandikwa kinyume chake, kwa sababu greda ndilo wananchi wanaloliona likipita, na ndilo rahisi kuliandika kwenye jedwali: kilomita kadhaa, mara gharama ya kilomita, basi. Mtaro haupigwi picha. Kalvati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara, likisafishwa halina sherehe. Kwa hiyo kasma (fungu la bajeti) ya mitaro ndiyo ya kwanza kukatwa fedha zinapopungua, na barabara nzima huanza kufa kutokea hapo.

Nianze na maji, maana ndiko niliko na mengi ya kusema.

Udongo wa asili ulio chini ya barabara ndio unaobeba gari. Changarawe inaufunika na kuulinda. John Loudon McAdam, Mskoti aliyepewa kazi ya kusimamia barabara za Bristol mwaka 1816, alijenga hoja yake juu ya jambo hilo hilo: ardhi ikitunzwa ikae kavu itabeba mzigo bila kudidimia, kwa hiyo kazi ya mjenzi ni kuitunza ikavu. Nimelishuhudia hilo kwa macho yangu. Lori lile lile, mzigo ule ule, kiangazi linapita na kuacha alama ya tairi tu. Mwezi mmoja baadaye, mahali pale pale, linazama hadi kwenye ekseli. Lori halijaongezeka uzito. Kilichobadilika ni kwamba maji yamepata njia ya kuingia chini.

Maji yanapaswa kuondoka kwa hatua tatu, na kila hatua ina gharama yake. Yatoke juu ya barabara kwenda mtaroni, yasafiri mtaroni bila kuuchimba, kisha yatoke mtaroni yaende mbali. Hatua ya kwanza ni mgongo wa barabara. Barabara ya changarawe inahitaji mgongo wa asilimia 4 hadi 6. Kwa barabara ya upana wa meta 5.5, mgongo wa asilimia 5 maana yake katikati pawe juu ya ukingo kwa sentimita 14 hivi. Ukipungua sana, maji yanatuama, magurudumu yanayasukuma nje pamoja na chembe laini zinazoshikanisha changarawe, na shimo linazaliwa. Ukizidi mno, madereva wote wanakimbilia katikati kwa kuogopa kuegemea upande mmoja, na kingo zinaliwa na maji. Mimi hutembea na ubao wa meta mbili uliokatwa kwa mshazari upande wa chini, pamoja na kipimamaji cha kawaida cha fundi mwashi. Ukiweka ubao juu ya barabara na kipimamaji juu ya ubao, ndani ya dakika moja unajua kama uliyemlipa amechonga mgongo au amepaka vumbi.

Hatua ya tatu ndiyo niliyokuwa naisahau, hadi mwendesha greda mmoja mtu mzima aliponifundisha. Nilimkuta asubuhi ameegesha mtambo, injini imezimwa, na mimi nina haraka kwa sababu greda hulipiwa kwa saa. Nikamwuliza, "Mzee, kulikoni?" Akanionyesha mtaro. "Mwanangu, haya maji yakishaingia humu, yataenda wapi?" Nikaangalia. Mtaro ulishuka meta zaidi ya 400 bila mchirizi hata mmoja wa kuyatoa pembeni, na mwisho wake ulikuwa kwenye kitako cha daraja. Alikataa kuchonga hadi michirizi ichimbwe. Vijana wanane wakafanya kazi hiyo kwa majembe siku mbili. Daraja hilo bado limesimama, na sijawahi kulitengea fedha za dharura.

Michirizi ya kutoa maji pembeni ndiyo kazi rahisi kuliko zote katika barabara, na ndiyo inayookoa zaidi. Haihitaji saruji wala mtambo, inahitaji jembe na mtu anayejua aelekeze wapi. Ugumu wake uko kwa binadamu: kila mchirizi humwaga maji kwenye shamba la mtu. Usipokaa na mwenye shamba kabla, ataufukia usiku, na ana haki ya kukasirika kama umemletea korongo. Siku hizi fedha za kuzungumza na wenye mashamba na za kuimarisha mwisho wa mchirizi kwa mawe naziandika kwenye bajeti kama kazi halisi. Mahali penye mteremko, mtaro wenyewe nao unataka vizuizi vya mawe au vijiti vya kupunguza kasi ya maji; kadiri mteremko unavyokuwa mkali ndivyo vizuizi vinavyosogeleana. Mtaro usio navyo hugeuka korongo ndani ya misimu miwili, na korongo hilo hutambaa kuelekea barabarani.

Kuhusu makalvati nina neno moja tu. Usikubali bomba dogo kwa sababu lina bei nafuu. Bomba la kipenyo cha milimita 600 ni la chini kabisa ambalo mtu anaweza kulisafisha kwa koleo refu. La milimita 900 mtu anaingia mwenyewe. Dogo kuliko hayo litaziba, hutaweza kulizibua, na utalifukua kwa gharama mara nyingi ya ile uliyookoa.

Swali linalofuata ni namna ya kujua sehemu korofi ziko wapi. Kwa miaka kadhaa nilikagua barabara kiangazi, kwa sababu ndipo gari langu lilipoweza kupita na ndipo ratiba ya bajeti iliponitaka. Nilikuwa napanda gari, naangalia mashimo kwa dirisha, naandika "nzuri", "wastani", "mbaya". Ukaguzi wa namna hiyo huona vidonda lakini hauoni ugonjwa. Sasa ukaguzi wangu mkuu naufanya mvua ikinyesha. Navaa koti la mvua, natembea kwa miguu au kwa pikipiki, na naweka alama kwenye ramani ya simu kila mahali maji yanapovuka barabara, yanapotuama, yanapopita pembeni ya kalvati badala ya kupita ndani. Saa mbili za mvua kubwa hunipa taarifa ambazo wiki mbili za kiangazi haziwezi kunipa. Mahali ambapo kiangazi paliandikwa "wastani" nimepakuta pakiwa mto. Na barabara moja niliyokuwa nimeiandika "mbaya" kwa sababu ya mawimbi yanayotikisa gari niliikuta haina tatizo lolote la maji. Ilikuwa inachosha mgongo, lakini inapitika mwaka mzima.

Tofauti hiyo kati ya kuchosha na kutopitika imebadilisha bajeti zangu kuliko kitu kingine. Hata kipimo kinachotumika kimataifa cha kufikika kwa vijiji kinauliza ni watu wangapi wanaishi ndani ya kilomita 2 kutoka barabara inayopitika majira yote. Hakiulizi kama barabara hiyo ni laini. Mwenye mgonjwa anahitaji kupita, na mwenye mzigo wa mazao anahitaji lori limfikie. Starehe ni jambo zuri, na inapunguza gharama za magari kwelikweli, lakini huja baada ya kupita.

Sasa changarawe yenyewe. Hapa ndipo wahasibu huwa wanafumbua macho, kwa sababu hesabu yake inafanana na ya akiba benki. Changarawe huondoka. Kiangazi hupeperuka kama vumbi, masika huoshwa, na magurudumu huirusha pembeni kila siku. Kulingana na wingi wa magari, mvua, mteremko na ubora wa changarawe yenyewe, barabara hupoteza sentimita 1 hadi 3 za unene kila mwaka. Tuchukue 2. Kwa upana wa meta 5.5, hiyo ni meta za ujazo 110 kwa kila kilomita kila mwaka, zikiwa zimeshindiliwa. Changarawe iliyolegea kwenye tipa ni nyingi zaidi kwa asilimia 30 hivi, kwa hiyo unahitaji meta za ujazo 143, yaani tipa 14 za meta za ujazo 10. Kila kilomita, kila mwaka, tipa 14 zinaondoka kimya kimya. Ukiwa na kilomita 100 za changarawe, tipa 1,400 zimeondoka, hata kama hujaona shimo hata moja.

Nilipoiweka hesabu hiyo mbele ya kamati ya fedha, kulikuwa na ukimya. Walikuwa wamezoea kudhani kwamba barabara iliyowekwa changarawe "imeshatengenezwa". Ukweli ni kwamba siku unayokabidhiwa tabaka la sentimita 15, unakabidhiwa akiba ambayo imeanza kutumika. Kwa kuwa hutakiwi kuiacha ifike chini ya sentimita 5, maana hapo magurudumu huanza kutoboa hadi kwenye udongo, una sentimita 10 za kutumia. Kwa sentimita 2 kwa mwaka, hiyo ni miaka 5. Mwaka wa tano lazima fedha za kurudishia changarawe ziwe mkononi, na kwa hiyo lazima ziwe zimeshatajwa kwenye mpango tangu mwaka wa pili au wa tatu. Ukichelewa miaka miwili tu, changarawe iliyobaki inachanganyika na udongo, huwezi tena kuitegemea, na unaanza upya na tabaka zima. Kilomita moja ya tabaka zima la sentimita 15 ni meta za ujazo 825 zilizoshindiliwa, sawa na tipa 107. Linganisha na zile 14.

Kupima unene ni kazi ya sururu na rula. Kila nusu kilomita tunachimba vishimo vitatu, katikati na kwenye njia za magurudumu, tunapima, tunaandika, tunafukia na kushindilia. Watu wawili humaliza kilomita 10 kwa siku. Daftari la vipimo hivyo, likitunzwa miaka mitatu mfululizo, ni hazina. Linakuambia kila barabara yako inakula kiasi gani, na hutahitaji tena kutumia ile 2 ya kukisia. Kwangu mimi lilionyesha kwamba barabara mbili zilizofanana kwa kila hali zilitofautiana mara mbili kwa kasi ya kupoteza changarawe. Sababu ilikuwa machimbo. Moja ilipewa changarawe isiyo na udongo wa kutosha wa kushikanisha, hivyo ikawa inapeperuka na kuota mawimbi. Changarawe nzuri inataka mawe madogo, mchanga, na udongo kiasi wa kunata. Udongo ukizidi, mvua ikinyesha inateleza kama sabuni. Ukipungua, kiangazi inasambaratika. Loanisha konzi moja na ujaribu kuivingirisha viganjani iwe kamba nyembamba: ikikataa kabisa kushikana, ujue itakutesa. Kipimo cha maabara ndicho cha uhakika, lakini konzi hiyo imenizuia kununua lundo baya zaidi ya mara moja.

Machimbo yana jambo jingine ambalo bajeti nyingi hulipuuza: umbali. Gharama kubwa ya changarawe ni kuibeba. Machimbo yakiwa kilomita 5 kutoka barabarani, tipa moja inaweza kwenda na kurudi mara nyingi kwa siku. Yakiwa kilomita 25, safari zinapungua hadi chache tu, na bei ya meta ya ujazo inapanda hata kama changarawe yenyewe ni bure. Kutumia bei moja ya kilomita kwa mtandao mzima ni kujidanganya. Nilipochora ramani ya machimbo yote, yaliyobaki na yaliyokwisha, niligundua kwamba barabara zangu mbili za mwisho kabisa zilikuwa zinamaliza machimbo yao ya karibu. Baada ya miaka minne bei yao ingekuwa tofauti kabisa. Changarawe haioti tena. Hilo likatufanya tuanze kufikiria, kwa vilima vikali ambako changarawe huoshwa kila msimu, kumwaga zege kwenye njia mbili za magurudumu. Ni ghali siku ya kwanza. Lakini kilima cha meta 200 kilichokuwa kinameza changarawe kila mwaka hakijadai chochote tangu kipewe zege, zaidi ya kusafishiwa mtaro.

Ziko pia barabara ambazo hazistahili changarawe urefu wote. Nasema hivi nikijua haliwafurahishi watu. Njia inayopitiwa na magari yasiyofika 20 kwa siku, kwenye udongo unaopitisha maji vizuri, inatosha ichongwe mgongo, ifunguliwe mitaro, na iwekwe changarawe bondeni na vilimani tu. Ili kujua hilo ni lazima uhesabu magari, siku 7 mfululizo, ukitenganisha malori, magari madogo, pikipiki, baiskeli na waenda kwa miguu. Kazi hii wanaiweza vijana wa hapo hapo wenye kalamu na karatasi.

Greda limebaki. Halina ubaya, ila lina wakati wake. Ukichonga barabara ikiwa kavu kabisa bila bauza, yaani gari la kumwagia maji, unavunja ngozi iliyokuwa imeshikana na kuacha vumbi lililolegea, na wiki tatu baadaye mawimbi yamerudi. Mawimbi hayaondoki kwa kuyafukia juu; kisu kinatakiwa kikate hadi chini ya bonde la wimbi, kisha nyenzo ilowanishwe, itandazwe na kushindiliwa. Wakati mzuri ni mwanzoni na mwishoni mwa mvua, ardhi ikiwa na unyevu wake yenyewe. Kwa hiyo saa za greda nilizonazo sizigawi tena sawasawa kwa miezi yote. Nazilimbikiza kwenye vipindi hivyo viwili, na barabara yenye magari mengi hupata zamu nyingi kuliko yenye machache.

Hapo ndipo kalenda inapokuwa muhimu kama fedha zenyewe. Mwaka mmoja tulikuwa na fedha za kutosha kuliko mwaka wowote, na kazi ikawa mbaya kuliko zote. Fedha ziliidhinishwa, zabuni ikachukua miezi mitatu, mkandarasi akachukua mwezi kuleta mitambo, na tipa ya kwanza ikamwaga changarawe siku ambayo mvua ilianza. Changarawe ilikandwa na tope, malori ya mkandarasi yenyewe yakaharibu kilomita sita ambazo hazikuwa kwenye mkataba. Nililia, sioni haya kusema. Tangu siku hiyo napanga kwa kurudi nyuma. Naanza na tarehe ambayo mvua hutarajiwa, natoa wiki za kazi, natoa mwezi wa mitambo, natoa miezi ya zabuni, na tarehe ninayoifikia ndiyo mwisho wa kukamilisha michoro na makadirio. Mara nyingi tarehe hiyo iko kwenye mwaka wa fedha uliotangulia. Watu wa manunuzi walinishangaa mwanzoni. Tukakubaliana kuandaa nyaraka kabla fedha hazijaingia, na kazi za kawaida kuziweka kwenye mkataba wa miaka miwili au mitatu, ili kila mwaka tusianze upya.

Kazi za mikono nazo zina kanuni moja: mlipe mtu kwa wakati. Tulikuwa na utaratibu wa kumkabidhi mtu mmoja kilomita moja na nusu hivi karibu na kwake, afyeke, azibue mitaro na makalvati, afukie mashimo yakiwa bado madogo. Ulifanya kazi vizuri mno. Kisha malipo yakachelewa miezi minne. Wengi walikuwa akina mama, na mmoja aliniambia kwa upole, "Mwanangu, jembe ninalo, lakini watoto hawali jembe." Waliacha mmoja mmoja, na msimu uliofuata makalvati 20 yalikuwa yameziba. Sasa kasma hiyo haiguswi na mtu yeyote. Fedha zikikatwa, greda ndilo linalopunguziwa saa.

Jambo gumu kuliko yote halipo kwenye hesabu. Kila mwaka fedha hazitoshi, na lazima uamue nani asubiri. Moyo unakutuma uanze na barabara mbovu kuliko zote. Nilifanya hivyo miaka miwili. Nilizika fedha zote kwenye barabara mbili zilizokufa, na wakati huo barabara tano nzuri zilikosa mtaro na changarawe, zikaanza kufa nazo. Ripoti ya Maendeleo ya Dunia ya mwaka 1994 iliyotolewa na Benki ya Dunia ilikadiria kwamba barani Afrika, matengenezo ya dola bilioni 12 yaliyofanywa kwa wakati katika muongo uliotangulia yangeokoa dola bilioni 45 za kujenga upya. Niliisoma nikiwa tayari nimelipa ada ya somo hilo kwenye mtandao wangu mwenyewe.

Kwa hiyo sasa barabara nzuri zinahudumiwa kwanza zisishuke, na zilizokufa zinapewa matengenezo ya sehemu korofi tu hadi zamu yao ifike. Kusema hivyo ofisini ni rahisi. Nimelazimika kulisema chini ya mti, mbele ya watu wa barabara iliyokufa. Bibi mmoja alisimama akauliza, "Kwa hiyo wale wenye nzuri waongezewe, na sisi tusubiri hadi lini, mwanangu?" Sikuwa na jibu zuri la maneno. Nilichokuwa nacho ni ramani. Barabara yao ilikuwa na kilomita 11, na ukaguzi wa mvua ulionyesha kwamba meta 900 tu, kwenye sehemu nne, ndizo zilizokuwa zinaifunga. Niliwaonyesha zile nne, wakanisahihisha: ziko tano, ya tano iko nyuma ya kilima, mimi nilipita siku ambayo mto haukujaa. Tukakubaliana: drifti moja (kivuko cha sakafu ngumu ambacho maji hupita juu yake), makalvati mawili, tuta na changarawe kwenye meta hizo, na zinazobaki zichongwe mgongo tu. Mwaka wa tatu ndio wa tabaka zima, na tuliiandika tarehe mbele yao. Msimu uliofuata barabara iliwatikisa sana, lakini haikufungwa hata siku moja. Mwaka wa tatu tuliweka changarawe kama tulivyoahidi, na ilinibidi nipigane kwelikweli ili kasma ile isihamishwe, kwa sababu ahadi ile ilikuwa na jina langu.

Kitu cha mwisho cha kutaja, ingawa nakitenga kabla ya yote, ni akiba ya dharura, moja ya kumi ya bajeti, kwa ajili ya tuta litakalokatika au kalvati litakalosombwa. Isipotumika hadi mvua ziishe, inaenda moja kwa moja kwenye changarawe ya barabara iliyo karibu zaidi na zile sentimita 5. Nimeshaandika ni ipi, ili isizuke hoja.

Mwaka huu ni barabara ya kilimani upande wa mashariki. Juma lililopita tulichimba vishimo vyake: sentimita 9 kwenye tambarare, 6 kwenye mteremko, 4 kwenye kona ya mwisho. Mvua zinatarajiwa baada ya wiki saba. Kati ya makalvati 61 ya mtandao mzima, 43 yameshazibuliwa. Kesho tunaanza na yale ya bondeni.